Nimerudi Nairobi, na safari hii sio livu

Jumapili usiku, Doha

Naandika hii nikiwa nimekaa uwanja wa ndege, mabegi yashaingia, na simu imejaa meseji za watu wanaouliza mambo mawili tu: umefukuzwa? na umekuja na ngapi? Wacha nijibu hapa mara moja nisiwe narudia rudia. Sijafukuzwa. Mkataba uliisha nikakataa kusaini mwingine. Na kuhusu pesa, sheria ya Qatar inasema ukimaliza mwaka kwenda juu unalipwa kiinua mgongo, si chini ya wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliofanya, na huo wa msingi ndio mdogo kuliko yote, hauhesabu ovataimu wala hela ya chakula wala ile bakshishi ya wageni wa hoteli. Kima cha chini huko tangu Machi 2021 ni riyal 1000 kwa mwezi, dereva kama mimi alikua juu ya hapo kidogo. Pigeni hesabu wenyewe, hakuna gunia.

Wengine wanauliza mbona Nairobi, si kwenu ni Taita? Ni kweli. Mama yuko Wundanyi, hapo ndio kwetu. Lakini mke na watoto wako Donholm na kazi niliyopata ni ya kuendesha van ya watalii, na hizo kazi ziko Nairobi. Mi nimeridhika na karibu. Nikiwa Nairobi nikiitwa asubuhi, jioni niko Wundanyi. Nikiwa Doha nikiitwa asubuhi, jioni niko nje ya ofisi ya meneja nasubiri kuomba ruhusa.

Wenzangu wa chumba wamenisindikiza mpaka kituo cha metro. Nimewaachia jiko la umeme, mito, na deni la mtu ambaye sitamtaja.

Jumatatu

Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, hata simu haikubadilisha kitu, kilichobadilika ni baridi. Huko msimu huu ukifungua mlango usiku wa manane ni kama umefungua oveni, ndio maana kuanzia Juni mosi mpaka Septemba 15 watu wa mjengo hawaruhusiwi kufanya kazi juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu. Hapa nimetoka uwanja wa ndege wa JKIA na shati la mikono mifupi, meno yanagongana, na kila mtu amevaa jaketi mpaka shingoni ananiangalia kwa huruma.

Nikija livu, wanaokuja kunipokea hujaza nissan nzima. Shangazi, mabinamu, jirani wa shangazi, na mtoto mmoja ambaye mpaka leo sijui ni wa nani. Leo nimemkuta mke wangu na kitinda mimba, basi. "Wengine wako kazini," ananiambia, "na mimi nimeomba ruhusa mpaka saa sita."

Teksi imepita Outering, makanga pale bado wanaita "Taj Mall! Taj Mall!" na hilo jengo lilibomolewa 2018. Nimecheka peke yangu.

Kufika nyumbani nimekunywa chai, nikaanza kuonyeshwa nyumba. Ndio, kuonyeshwa, nyumba ambayo rent yake nimeilipa miaka yote hio. Nambari ya mita ya stima imeandikwa kwa peni juu ya fremu ya mlango, usiitafute kwa simu. Gesi ikikaribia kuisha moto unakua mwekundu hivi. Maji huja Jumanne na Ijumaa, alfajiri, lazima mtu aamke. Rimoti hukaa hapa. Funguo ya geti ni moja tu, ya pili itachongwa. Halafu akaenda kazini, watoto wako shule, nikabaki mimi na friji.

Jioni nimekuta ugali na sukuma wiki. Nikauliza kwa utani, kuku yuko wapi? Mke wangu hata hakuinua kichwa. "Kuku ni wa mgeni."

Jumanne

Saa kumi alfajiri nimeamshwa na kiwiko. Maji.

Sasa hii kazi mlioko Eastlands mnaijua lakini wacha nieleze kwa wale walioko nje wanaodhani maji ni kufungua bomba. Unaanza kuyasikia kabla hujayaona, bomba linakohoa, linatoa hewa, linatoa maji ya rangi ya chai ya rangi, hayo unayaacha yapite ama unayaweka ndoo ya choo. Yakishakua safi unaingiza paipu kwa mtungi wa lita 200 wa jikoni, halafu ule wa balkoni, halafu mitungi ya lita 20 inapangwa kwa korido mmoja mmoja, na presha inapungua kila jirani wa chini akifungua wake, kwa hivyo wa ghorofa ya nne kama sisi unakimbizana na watu usiowaona. Mke wangu anafanya hayo yote kwa giza, bila kuwasha taa, anajua kwa sauti mtungi umefika wapi. Mi nilikua nimeshika tochi ya simu tu, kazi ya kuzubaa. Kitu saa kumi na mbili kasorobo yakakatika, akaniambia "Ijumaa utayafanya wewe," akaenda kuoga.

Kuanzia saa tatu ni simu. Na hapa ndio nimeanza kuona mchezo. Ukiwa nje watu wanakutafuta kwa pesa na ukituma mambo yanaisha, unaandikiwa Mungu akubariki na vile viganja viwili vya kuomba, unarudi kulala. Hakuna aliyeniomba pesa leo. Wote wanataka nije. Binamu wa Kayole anataka nije nimwangalizie gari anataka kununua, mi si ni dereva. Wazee wa kanisa wanataka nije Jumamosi tupake rangi. Keateka, msimamizi wa ploti yetu, anataka nije kwa mkutano wa wapangaji kuhusu takataka. Mke wangu mwenyewe, jioni: "Ijumaa kuna mkutano wa wazazi, wewe ndio utaenda."

Halafu saa mbili usiku ikaingia habari ya msiba. Mzee wetu mmoja wa nyumbani aliyekua akiishi hapa Nairobi amefariki, mtu aliyenipokea kwake nilipokuja mjini mara ya kwanza kutafuta kazi. Grupu la WhatsApp limeshafunguliwa. Mkono wangu ulikua tayari kwa M-Pesa, unajua ile tabia, natuma 2000 naandika pole sana familia. Kabla sijamaliza mwenyekiti ameandika: "Tumesikia ndugu yetu wa Qatar yuko Nairobi. Kesho saa kumi na moja tunakuona kwa kikao."

Jumatano

Asubuhi Huduma Centre ya GPO. Kazi yangu inataka cheti cha tabia njema, kwa hivyo unajaza fomu kwa eCitizen, unalipa 1050, unaprinti, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole vyote, na huo wino usivae shati jeupe. Leseni nayo lazima iwe na daraja la PSV, la magari ya abiria, kabla hujabeba mgeni hata mmoja. Nimejiandikisha na SHA huko huko, bima ya afya ya serikali. Wakati naondoka ilikua bado NHIF, hii mpya ilianza Oktoba 2024, ukiwa umeajiriwa wanakata asilimia 2.75 ya mshahara. Dada wa dirishani akaniuliza wategemezi. Nikataja mke, nikataja watoto na mwaka waliozaliwa, akaniuliza tarehe kamili za vyeti na nambari zao, nikampigia mke wangu, akazitaja zote bila kuangalia popote huku nasikia cherehani inalia nyuma yake.

Saa kumi na moja kikao. Mkahawa wa ghorofani mjini, chai ya kulipia mwenyewe, watu kama ishirini hivi, nusu yao siwajui kwa sura lakini kwa majina nawajua wote manake tumekua tukichanga pamoja kwa pebili ya M-Pesa miaka nenda miaka rudi. Mmoja ananiambia "kumbe wewe ni mrefu." Mweka hazina kasoma michango. Mazishi Jumamosi ya wiki ijayo, Wundanyi. Ikafika kwa usafiri, kimya. Kila mtu anaangalia kikombe. Mwenyekiti akasema si tuna dereva hapa, na chumba kizima kikageuka.

Nikawaambia kazi mpya inaanza Jumatatu, sijui kama nitapata ruhusa ya Ijumaa. Wakaniambia hatukuambii uendeshe, tunakuambia utafute gari, ulikague, upatane bei, na uhakikishe watu wamefika. Sasa ungesema nini.

Alhamisi

Kampuni imeniita kunijaribu barabarani. Huko tulikua tunaendesha kulia, hapa ni kushoto, na waliotangulia kurudi walishanionya kwamba siku ya kwanza utataka indiketa uwashe waipa. Nikatulia, tukaenda Mombasa Road mpaka Mlolongo tukarudi na Expressway. Ile kitu ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022 na nilikua nimeiona livu nikiwa abiria, ukiishika mwenyewe ni tofauti, unaona paa za maduka ya Mombasa Road na vibanda vyote viko chini kama haviko. Mkaguzi alikua mzee wa makamo, hakuongea njia nzima, mwisho akasema "Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, uwanja wa ndege wa Wilson." Basi nimepita.

Ijumaa

Maji nimeyafanya mimi. Tumebaki na mtungi mmoja mtupu, sitaki kulizungumzia.

Mkutano wa wazazi ulikua saa nne. Miaka yote mi hulipa fii kwa simu, inakuja meseji "malipo yamepokelewa", nikajua mtoto anasoma. Leo nimekaa kwa kiti cha mtoto wa gredi ya tano, magoti yako karibu na kidevu, nasikiliza habari za kazi za mikono na portifolio. Wababa tulikua watatu darasa zima. Mwalimu akafika kwangu akatabasamu, "Wewe ndio ulibeba timu ya Argentina?"

Ikabidi ninyamaze kidogo nielewe. Kumbe kijana ameambia shule nzima kwamba Kombe la Dunia la 2022 baba yake ndiye aliyeendesha basi la mabingwa mpaka Lusail. Ukweli ni kwamba mwezi ule nilikua nabeba wafanyikazi wa hoteli na mashuka. Nimeangalia dirishani, yuko pale nje na wenzake wanachungulia, macho yamemtoka. Nikamwambia mwalimu, "Barabara za huko ni nzuri sana." Hakuuliza tena.

Nyumbani kijana hakusema neno. Lakini usiku aliniomba ruhusa ya kuangalia mpira mpaka mwisho, mimi nikasema sawa, halafu nikamwona anageuka kumwangalia mama yake kama ni sawa kweli. Mama yake akatingisha kichwa. Akazima. Haya.

Jumamosi

Saa mbili asubuhi treni inaondoka Syokimau, ile ya kusimama simama, kwa hivyo kumi na moja na nusu nishatoka Donholm. Tiketi nilikata kwa *639#. Pale mnapanga mabegi chini kwa mstari, mnarudi nyuma, mbwa anapita ananusa moja moja, na mama mmoja nyuma yangu alikua na samaki, akaanza kuomba kwa sauti. Mbwa akapita. Watu wakapiga makofi.

Emali, Kibwezi, Mtito. Baada ya Mtito watu wote wanahamia dirishani manake mnaingia Tsavo, reli iko juu ya tuta na kuna vivuko vya wanyama chini yake, tukaona ndovu kama kumi na mbili, wekundu kabisa kwa ule udongo. Watoto wa gari letu walipiga kelele. Mimi nimekulia huku, ndovu kwetu ni habari ya shamba kuharibiwa, lakini nilisimama pia.

Voi mchana, joto la kawaida, nikakula wali maharage stendi. Nissan ya Wundanyi inapita Mwatate halafu ndio inaanza kupanda, kona juu ya kona, na kadri mnavyopanda masikio yanaziba na watu wanaanza kufunga madirisha. Dereva kijana mdogo, anakata kona na mkono mmoja, mwingine umeshika mahindi ya kuchoma. Nilikanyaga breki zisizokuwepo njia nzima. Juu ukungu, mlima Vuria hauonekani kabisa.

Mama nilimkuta kwa migomba. Aliniangalia kutoka chini mpaka juu, akasema "Baba, umekonda," mimi ambaye shati halifungiki. Ananiita baba manake nimepewa jina la babake. Tukakula kimanga, ile yenyewe, maharage yamepondwa na muhogo, na hapa kuku hakuulizwa na mtu.

Jumapili, Wundanyi

Baada ya kanisa amenitolea kitabu chake cha kliniki. Ni daftari la shule, limefunikwa kwa gazeti. Presha, tarehe, dawa, presha, tarehe, dawa. Na pembeni ya kila tarehe ameandika kwa mwandiko wake jina la mtu aliyempeleka. Nimelisoma kurasa kwa kurasa. Ni jirani yetu wa chini, mama wa makamo, karibu kila mwezi. Sehemu chache ni mwanawe wa bodaboda. Mimi nilikua nikimtumia huyo jirani 500 ya shukrani kila kliniki na nilijiona nimepanga mambo vizuri kweli, na si kwamba sikuyapanga, dawa hazikukosekana hata mwezi mmoja. Lakini hilo daftari lina majina na langu halimo.

Mama hakua ananilaumu. Alikua anataka tu nione kwamba presha imeshuka, anajivunia. Halafu akasema kana kwamba ni jambo dogo, "Kliniki ni Jumanne ya kwanza. Sasa uko karibu."

Nimepiga hesabu mchana mzima. Treni ya Jumatatu, kliniki Jumanne, kurudi Jumanne usiku na basi. Siku mbili za kazi kila mwezi kwa mwajiri ambaye hata sijaanza kumfanyia. Nilimwambia ukweli, kwamba kila mwezi sitaweza, miezi mingine nitakuja, mingine nitakua na wageni mbugani Maasai Mara. Akasema, "Kwani nimesema kila mwezi?" akaingia kuangalia chungu.

Jioni kabla sijaondoka nilienda kwa yule jirani na kilo mbili za sukari na shuka moja la Doha. Kanikaribisha, kanipa chai, tukaongea. Kumbe ana shida ya goti, na hajawahi kumwambia mama, anashuka na mama mpaka hospitali hivo hivo. Tumekubaliana mwezi ujao twende wote watatu, na gari la kutoka mlangoni. Mimi na yeye tunaongea vizuri tu lakini kila mara akisema "zile 500" naona aibu sijui ya nini.

Jumatatu

Nilirudi na basi la usiku kutoka Voi, nikafika Mlolongo saa kumi, nikaoga kwa lita tano, saa kumi na moja na nusu niko Wilson nimevaa tai. Wageni wawili wazee wa Ufaransa, hoteli mpaka Karen na kurudi. Wametulia, hawana neno. Kazi imeanza.

Mchana nikiwa nasubiri niliomba ruhusa ya Ijumaa ya mazishi, nikapewa nusu siku. Afadhali.

Saa kumi na mbili jioni nimekutana na mwenye matatu ya watu 33, yadi moja huko Industrial Area ya hapa kwetu. Anataka 45,000 kwenda na kurudi Wundanyi. Nimemwambia kwanza tuone gari. Tairi za mbele sawa, za nyuma kushoto moja ni kipara kabisa, waya zinaanza kuonekana. Nikamuuliza kibali cha NTSA, wale wa mamlaka ya usafiri, cha kutoka nje ya ruti yake, akaniambia kitapatikana. Nikamuuliza gavana, ile ya kudhibiti spidi, inafanya kazi, akaniambia "mkubwa, kwani wewe ni trafiki?" Nikamwambia mimi nimewekwa na kamati na ndani ya hii gari kutakua na wajane wawili na mama mkwe wa mwenyekiti, na ile barabara ya kupanda Wundanyi nimetoka nayo jana. Akacheka, akashuka mpaka 38,000. Nimemwambia 36, tairi mpya ya nyuma, kibali nikione kwa macho Alhamisi, na dereva awe mtu mzima asiyekula mahindi akiendesha. Amesema ataniambia kesho asubuhi. Grupu limeanza kuuliza kama gari imepatikana, na kuna mtu ameshaandika anataka kiti cha mbele.